Sumu na Dawa Yake

Watu husema kwamba elimu ni taa. Mimi, niwafundishaye vijana watakaokuwa walimu, naukubali usemi huo. Lakini huongeza kwamba taa humwonyesha mtu njia ya heri na njia ya shari pia. Habari ya sumu za mishipa ya fahamu ni ushahidi wa neno hili.

Mwaka 1936 mkemia wa Ujerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu waharibuo mazao. Nia yake ilikuwa njema. Akapata kiowevu ambacho tone lake dogo lilimtia yeye na msaidizi wake dhiki ya pumzi na giza la macho. Serikali ya nchi yake ilipoarifiwa ilikifanya siri ya jeshi, nacho kikaitwa tabuni. Mwaka 1938 ikafuata sarini, iliyo kali zaidi. Dawa ya shamba ikageuka silaha.

Sumu hizi hupiga mahali padogo mno. Mshipa wa fahamu unapouamrisha msuli, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Amri ikiisha kutimizwa, kimeng'enya maalumu huifagia kemikali hiyo, na msuli hupumzika. Sumu humfunga mfagiaji huyo. Basi amri hurudiwa bila kikomo: mboni za macho hunywea, mate na jasho hububujika, misuli hutetemeka kisha hulegea, na pumzi hukatika.

Dawa yake ya kwanza ni atropini, itokayo katika mmea wa belladonna. Nayo ni sumu mtu akiitumia ovyo. Lakini huyaziba masikio ya viungo vingi visisikie amri zilizozidi. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Hata hivyo, atropini haimfungui mfagiaji. Kazi hiyo waliifanya Irwin Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Walikichunguza kimeng'enya hicho, na mwaka 1955 wakatoa pralidoksimu, dawa iendayo palepale sumu iliponata ikaibandua. Sharti iwahi, maana sumu ikikawia hushikamana isibanduke tena.

Tarehe 20 Machi 1995 wafuasi wa kundi moja la dini walitia sarini katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo. Watu zaidi ya kumi walikufa, na maelfu wakaenda hospitali. Waganga waliwatibu kwa atropini na pralidoksimu. Pralidoksimu hiyo ilikuwa imewekwa akiba kwa ajili ya watu waliodhurika kwa dawa za wadudu, ambazo ni ndugu wa sarini.

Ndugu hao wamo katika mashamba yetu pia. Baadhi ya dawa tunyunyiziazo mboga humfunga mfagiaji yuleyule, ingawa kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo chupa yake isitiwe kamwe maziwa wala maji ya kunywa. Aliyedhurika avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe hospitali upesi, na kibandiko cha chupa kionyeshwe kwa mganga.

Msomaji kijana, huenda siku moja ukawa mkemia. Schrader alitaka kumsaidia mkulima, na kazi yake ikachukuliwa na watu wa vita. Basi jifunze kemia kwa bidii, na kila ulipatapo jambo jipya, uliza litakuwa mikononi mwa nani.