Kagua Bomba Kabla ya Kununua Sili

Tanga

Mjukuu wangu Zainabu,

Picha ya ile pikipiki, Yamaha DT175, nimeiona. Bibi yako anasema umekonda. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye shokapu ya mbele, upande wa kulia, pale oili inapochuruzika hadi kwenye ekseli. Hilo usilisubirishe mpaka mwisho wa mwezi. Oili ikipenya kwenye habu hulowesha breki shuu, na shuu iliyolowa oili haishiki. Wewe unateremka kutoka Soni kwenda Mombo, na ukikamata breki kwenye mteremko ule uzito wote unahamia mbele. Pikipiki ikae nyumbani, upande daladala.

Fundi wako anasema ni kazi ya dakika chache, achomoe sili ya zamani achomeke mpya. Huenda ni kweli, maana mpira wa miaka mingi hukauka ukawa mgumu. Lakini usimpe hela kabla hujalitazama bomba, lile linalong'aa kromu na kuzama ndani ya mguu wa aluminiamu. Sili ina mdomo mwembamba unaolibana bomba hilo ili oili ibaki ndani. Bomba likiwa na vidonda vya kutu, kila shimo la barabarani huvipitisha kwenye mdomo ule na kuuchana. Nimewaona watu wakibadilisha sili kila msimu wa mvua na kumtukana muuza spea, kumbe adui wamempakata wenyewe.

Vua mpira wa vumbi, futa bomba kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kisha pitisha ukucha taratibu, mbele na nyuma. Ukucha ukikwama, hapo pana kidonda. Linalokuhusu ni eneo linalopanda na kushuka kwenye sili. Kutu iliyo juu kabisa, karibu na usukani, inachukiza macho tu. Kidonda kimoja au viwili unaweza kuviziba kwa gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, ikauke kabisa, halafu usugue kwa msasa laini namba 1000 wenye maji mpaka ukucha upite bila kuhisi kitu. Vikiwa vingi, usijisumbue. Tafuta bomba jingine, au lipelekwe kusuguliwa na kupigwa kromu upya. Ukishalitoa, livingirishe juu ya kioo. Likiyumba, limepinda, na bomba lililopinda halifai kwa sili yoyote.

Sasa kufungua. Weka kreti imara chini ya injini, tairi la mbele lielee. Legeza kifuniko cha juu cha shokapu wakati bomba bado limebanwa kwenye usukani, kwa sababu ukishalichomoa hutapata pa kulishikia. Usikifungue moja kwa moja: chini yake kuna springi iliyobanwa, na uso wako usiwe juu yake. Kabla ya kutoa springi, legeza bolti ya alenki iliyo chini ya mguu. Springi ndiyo inayokizuia kijiti cha ndani kinachoshikwa na bolti hiyo. Ukiitoa mapema, bolti na kijiti vitazunguka pamoja, na utazungusha mpaka adhuhuri. Hapa ndipo mafundi wengi huanza kupiga nyundo.

Ukishachomoa bomba, utaona sili yenyewe imezuiwa na kilipu ya waya. Itoe kwanza, kisha inua sili kwa bisibisi pana iliyoegemea kipande cha ubao, maana aluminiamu ni laini na mkwaruzo mmoja pale unatosha kuanzisha mvujo mpya. Sili mpya ipake oili ya shokapu, upande wenye kijispringi chembamba utazame chini kwenye oili. Funika ncha ya bomba kwa mfuko wa plastiki isiuchane mdomo. Igonge ishuke sawasawa kwa kipande cha bomba la maji la plastiki, ukiwa umetanguliza sili ya zamani juu yake. Fanya pande zote mbili, hata kama wa kushoto ni mkavu.

Oili ni namba 10 ya shokapu. Fundi akikuambia weka ya injini namba 40, mwambie babu amekataa. Mbele patakuwa pagumu kama gogo. Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, kipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu cha zamani. Muhimu zaidi, pande zote mbili zilingane: springi ikiwa nje na bomba limesukumwa hadi chini, pima kutoka ukingo wa juu mpaka usawa wa oili.

Kabla ya kukaza ekseli, kandamiza usukani mara kadhaa ili miguu ijipange. Breki shuu zilizolowa usizioshe kwa petroli ukadhani zimepona, nunua mpya.

Kwenye sili ya zamani kuna namba tatu, kipenyo cha ndani, cha nje na kimo, mathalani 31-43-10.3. Zinakili kama zilivyo, unitumie, nizitafute huku mjini. Na useme ukucha umekwama mara ngapi.

Babu yako