Rungwe: Rangi ya nyoka isikupotezee muda, mzazi

UKITOKA Uyole jijini Mbeya kuelekea Kyela, barabara inapita kwenye baridi ya Isongole, kisha inateremka Kiwira hadi Tukuyu. Kila upande ni kijani. Kuna mashamba ya chai ya Katumba, migomba, miparachichi, na juu ya vyote Mlima Rungwe wenye urefu wa takriban mita 2,960. Mvua ya Tukuyu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, ndiyo maana majani hayakauki.

Wageni wengi hufuata Daraja la Mungu na Kijungu katika Mto Kiwira, au hupanda msitu kwenda kuliona Ziwa Ngozi. Wachache wanajua kwamba mlima huu pia umempa nyoka jina.

Nyoka huyo ni kipiri wa vichakani ambaye wataalamu humwita Atheris rungweensis, jina alilopewa mwaka 1940 na Mmarekani Charles Bogert. Ni mdogo, kwa kawaida hafikishi sentimita 70, ana kichwa kipana na magamba yaliyokwaruza. Hukaa kwenye vichaka na matawi ya chini, pembezoni mwa misitu ya milimani. Ana sumu.

Kinachowachanganya watu ni rangi yake. Mmoja anaweza kuwa kijani kibichi, mwingine kahawia, mwingine karibu mweusi, na wengi wana mistari ya njano iliyopinda pinda mgongoni. Watoto wake nao huzaliwa weusi weusi, wakiwa na ncha ya mkia ya njano, tofauti kabisa na mama yao. Watu watatu wa kijiji kimoja wanaweza kumwona nyoka wa aina moja, kila mmoja akaapa kuwa aliyemwona yeye ni mwingine.

Kwa nini rangi inadanganya kiasi hicho? Jibu zuri limetoka mbali na Rungwe, kwa wafugaji wa boa huko Marekani na Ulaya. Boa ni nyoka mkubwa wa Amerika asiye na sumu. Hukaba mawindo kama chatu wetu, ila chatu hutaga mayai na boa huzaa watoto hai.

Wafugaji hao wamepata boa wa njano na chungwa wasio na weusi wowote, wengine wasio na wekundu, na wengine ambao michoro ya mgongoni imeungana kama mnyororo. Chanzo ni mabadiliko ya jeni. Jeni inayohusika na melanini, yaani kemikali ya weusi, ikiharibika, njano na chungwa ndizo zinazobaki kuonekana.

Lakini mfugaji makini hatangazi aina mpya kwa kumtazama nyoka tu. Humpandisha na boa wa kawaida. Rangi ikiwa ya kurithiwa kwa kujificha, watoto wote watafanana na wa kawaida. Watoto hao wakizalishwa wao kwa wao, takriban robo ya wajukuu ndio watakaorudisha rangi ile.

Jicho hukosea hata hapo. Kuna koo mbili maarufu za boa albino, Kahl na Sharp, ambazo mtu asiyezoea anaweza kudhani ni kitu kimoja. Ukiwapandisha, watoto wanatoka na rangi ya kawaida, kwa sababu kila ukoo umeharibika jeni yake. Kama mtu anayeishi na nyoka hao kila siku, akiwa na taa na daftari la uzazi, hawezi kuiamini rangi peke yake, sembuse mtoto aliyemwona nyoka kwa sekunde mbili akikata majani ya ng'ombe alfajiri?

Mfano mwingine ni boomslang, nyoka wa mitini anayepatikana sehemu nyingi za Tanzania. Dume mara nyingi ni kijani na jike ni kahawia, na wote wana sumu kali. Wakati huohuo wapo nyoka wa kijani wasio na madhara yoyote. Kusema "wa kijani hana neno" ni hatari, na kuua kila wa kijani ni kuonea.

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza muda. Mtoto ameumwa, baba anamsaka nyoka kwa fyekeo, majirani wanabishana alikuwa wa rangi gani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na kuchelewa kufika hospitali ni sababu kubwa.

Daktari hahitaji maiti ya nyoka. Hutazama uvimbe, maumivu, kutokwa damu, kope kulegea na kupumua. Kipimo kimoja ni rahisi: damu kidogo huwekwa kwenye chupa safi kavu ya kioo na kuachwa dakika 20. Isipoganda, sumu imevuruga mfumo wa kugandisha damu. Sumu ya vipiri wa vichakani inaweza kufanya hivyo, na haina dawa yake maalumu, kwa hiyo mgonjwa anahitaji uangalizi wa karibu hospitalini.

Mtoto akiumwa, mtulize. Mvue bangili, pete na viatu. Mguu au mkono ulioumwa usitikiswe. Ufungie kipande cha ubao kama aliyevunjika. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usitegemee jiwe la nyoka. Mbebe, au mpakate kwenye bodaboda, mwende hospitali moja kwa moja, iwe ya wilaya pale Makandana, Igogwe, au iliyo karibu nawe.

Kabla ya hapo, kinga ni nafuu. Mvalishe mabuti anapokwenda shambani, apige kichaka kwa fimbo ndefu kabla ya kuingiza mkono, na usiku atembee na tochi. Mfundishe sheria moja ya nyoka wa rangi yoyote: asimguse, arudi nyuma polepole, aje kusema.