Barua kwa Mpwa Wangu wa Vihingo

Kibaha, Jumapili

Mpwa wangu,

Zile picha za skrini zimefika, nami nimezikuza mpaka macho yakaniuma. Hiyo programu ya kujumlisha korosho za chama umeitengeneza vizuri, na kutenganisha kilo za daraja la kwanza na la pili tangu mwanzo ni akili. Ila kuna mistari mitatu siwezi kuinyamazia. Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa mama yako anarudi huko keshokutwa, na kwa simu tungebishana mpaka bando liishe.

Ni hii:

os.chdir(kijiji)
jumla += soma("mauzo.csv")
os.chdir("..")

Unaingia folda ya Mzenga, unasoma, unatoka. Unaingia Maneromango, unasoma, unatoka. Mambo yakiwa sawa, haina neno. Sasa chukua siku ambayo karani wa Mzenga ameandika "kilo 82" mahali ulipotegemea 82 tupu. Python inakataa, mstari wa tatu haufikiwi, na programu inabaki ndani ya Mzenga. Wewe umezungushia try na except inayochapa "imeshindikana" halafu kazi inaendelea. Kijiji kinachofuata ni Maneromango: programu inaitafuta Maneromango ndani ya Mzenga, haipo, imeshindikana. Vihingo hivyo hivyo. Mwishoni inaandika jumla.csv, lakini ndani ya folda ya Mzenga, ikiwa na kilo za vijiji vilivyotangulia tu. Wewe unafungua jumla.csv ya wiki iliyopita pale ulipoizoea, unawasomea wakulima. Shukuru Mungu hukuweka na mstari wa kufuta mafaili ya muda.

Hata hiyo ".." siiamini. Maana yake ni kupanda ngazi moja tu. Mwakani utakapopanga mafaili kwa msimu, kijiji kiwe "2025/Mzenga", utashuka ngazi mbili na kupanda moja. Hivyo kwanza shika ulipo, ndipo uhame, na kurudi kuwe ndani ya finally, ambayo Python huitekeleza kosa litokee lisitokee:

mwanzo = os.getcwd()
os.chdir(kijiji)
try:
    jumla += soma("mauzo.csv")
finally:
    os.chdir(mwanzo)

Angalia kwamba os.chdir ya kwanza iko nje ya try. Kuhama kukishindikana hujaenda popote, kwa hiyo hakuna haja ya kurudi. Na kama kompyuta yako ina Python 3.11, iliyotoka Oktoba 2022, au ya baada yake, kazi hiyo yote imefungwa kwenye mstari mmoja: with contextlib.chdir(kijiji). Ukitoka kwenye with, umerudi, hata kama umetoka kwa kosa.

Lakini hapo bado sijaridhika, na sababu nataka uielewe kuliko uikariri. Folda ya kazi si mali ya fanksheni yako. Ni ya programu nzima inayoendeshwa, kama koleo moja la shamba zima: ukilichukua, kila mtu amelikosa. Siku utakapotaka vijiji visomwe kwa pamoja ili kazi iende haraka, mkondo mmoja (thread) utahamia Mzenga wakati mwingine uko katikati ya kusoma Vihingo, na hapo wote wamehamia Mzenga. finally haikusaidii kitu. Waliotengeneza contextlib.chdir wenyewe wametahadharisha isitumike kwenye kazi zinazokwenda sambamba.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao nimeuchelewesha makusudi, ni usihame. Taja njia kamili ya faili: Path(msingi) / kijiji / "mauzo.csv". Msingi uupate mara moja programu inapoanza, ukiwa njia kamili, basi. Hakuna kwenda, hakuna kurudi.

Utaniuliza, na zile programu za watu zinazotaka lazima uwe ndani ya folda? Hizo ziite kwa subprocess.run na uandike cwd=kijiji. Anayehama hapo ni mtoto aliyezaliwa kwa kazi hiyo, mzazi hajatikisika. Hili lina kisa kizuri. Dennis Ritchie, mmoja wa walioanzisha Unix huko Bell Labs, Marekani, alisimulia mwaka 1979 kwamba walipoongeza uwezo wa programu kuzaa programu nyingine, ghafla amri ya kuhama folda ikaacha kufanya kazi. Wakasoma msimbo wao wakihangaika, kumbe amri ilikuwa inahama sawasawa, ila aliyehama ni mtoto, naye akimaliza anakufa na folda yake. Ikabidi kuhama kufanywe na shell yenyewe, ile programu inayopokea amri, na ndivyo cd ilivyo mpaka leo. Kilichowasumbua wao ndicho kinachotulinda sisi. Kwenye ile skripti yako ya kubana mafaili, weka mabano, (cd "$kijiji" && zip -r nakala.zip .), na kila kilichomo kinafanyika kwenye shell ndogo. Hiyo && usiisahau, maana cd ikigoma na amri inayofuata ikawa ya kufuta, itafuta hapo hapo ulipo.

Kitu kimoja tu hakina dawa: ukichomoa flashi yenye folda uliyotoka, kurudi kutashindikana hata ndani ya finally. Hapo iache programu isimame ipige kelele.

Kabla hujabadilisha chochote, tengeneza nakala ya mafaili, ingiza "kilo 82" kwenye ya Mzenga kwa mkono wako, na mstari wa mwisho wa programu uwe print(os.getcwd()). Iendeshe kama ilivyo sasa, kisha uirekebishe uiendeshe tena. Nitumie picha za majibu yote mawili. Na hiyo except yako iseme faili gani na mstari upi, si "imeshindikana" tu. Karani hawezi kusahihisha asichoonyeshwa.

Bibi mpe shikamoo yangu. Mwambie dawa zake nimempa mama yako, ziko kwenye mfuko wa bluu.

Mjomba wako