Uamuzi Mgumu Huacha Deni

Watu wengi hudhani kwamba uamuzi mgumu ni ule wa kuchagua kati ya jema na baya. Sivyo. Mtu akikushawishi umwibie mwajiri wako, jibu unalijua, hata kama tamaa inakusumbua. Uamuzi mgumu hasa ni kuchagua kati ya mema mawili, nawe huwezi kuyashika yote. Wazee walikwisha kusema: njia mbili zilimshinda fisi.

Mimi ni karani wa parokia, lakini nilisomea ualimu. Nilipotoka chuoni niliomba kazi serikalini mara nyingi bila kupata, kama vijana wengi wa Tanzania. Mwaka 2022 baba yangu alipatwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukalegea. Mama alikwisha kufariki. Majuma machache baadaye nikaitwa kufundisha shule ya msingi mkoani Katavi, nasi tunakaa Kilimanjaro. Nilipewa siku 14 za kuripoti.

Sasa niambie: nani atasema kumtunza baba ni vibaya? Na nani atasema ni vibaya kufundisha watoto na kupata mshahara wa uhakika? Kaka yangu mmoja alisema, "Baba ni wetu sote, wewe nenda." Alipoulizwa nani atabaki nyumbani, alinyamaza.

Chuoni tulifundishwa kuandika andalio la somo kabla ya kuingia darasani, maana mwalimu asiyejiandaa huongozwa na kelele za wanafunzi. Basi nilichukua daftari nikaandika maswali matatu.

La kwanza: ni kipi kitakachopita kisirudi? Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kwamba mgonjwa wa kiharusi hupata nafuu upesi zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, akifanyishwa mazoezi kila siku. Miezi hiyo ikipita, imepita. Kwa upande wa kazi, matangazo ya ajira serikalini huweka kikomo cha umri wa miaka 45, nami nilikuwa na miaka 32. Mlango huo ungefungwa, lakini usingetiwa kufuli.

La pili: nani atabeba mzigo, naye ameulizwa? Hapa wanaume wengi hukosea. Twaketi na wajomba na makaka, twaamua, kisha twampelekea mke habari. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, hata usiku wa manane, asije akapata vidonda vya mgongo. Kama ningeondoka, mikono ya kumgeuza baba ingekuwa ya mke wangu, naye alikuwa akinyonyesha. Nilipomwuliza hakunijibu mara moja. Kesho yake akasema, "Mshahara ule ungetujengea nyumba, nami nimeutamani. Lakini peke yangu sitaweza."

Baba naye tulimwuliza, ingawa ulimi wake ulikuwa mzito. Alisema niende. Wazazi ndivyo wanavyosema. Nilimshukuru, lakini sikulichukua neno lake kuwa ruhusa ya kumwacha.

La tatu: nikichagua hili, nitadaiwa nini na nani? Swali hili watu hulisahau, na kumbe ndilo kubwa. Nilibaki. Niliandika barua ya kukataa kazi kabla ya siku 14 kwisha, nafasi ile ipate mtu mwingine. Leo baba anatembea kwa mkongojo mpaka kwenye migomba yake. Lakini nyumba bado haijajengwa, na mshahara wa karani ni mdogo. Mke wangu ananidai nyumba ile, hata kama hasemi. Kwa hiyo jioni nafundisha hesabu watoto wa majirani kwa malipo kidogo, na fedha hiyo ni ya matofali, haitumiki kwa jambo jingine. Ndugu zangu nao tuliandikiana nani atatoa kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya baba, maana ahadi ya mdomo huchoka upesi.

Sisemi kwamba kila mtu abaki. Mwingine katika hali kama yangu angekwenda, wala asingestahili lawama, kama angelipa deni lake: fedha ya kumweka msaidizi nyumbani, simu kila jioni, likizo zake zote kando ya kitanda cha mzee. Wa kulaumiwa ni yule anayeshika njia moja, kisha akajifanya ile ya pili haikuwapo. Ndiye huwaacha wengine wakilipa kwa niaba yake.

Basi, msomaji, ukifika njia panda usingoje mpaka moyo utulie kabisa. Huenda usitulie. Chukua karatasi, mwulize atakayebeba mzigo, uamue kabla siku hazijakuamulia. Na ukiisha kuamua, usijisifu wala usijute kila asubuhi. Kumbuka tu unadaiwa na nani, uanze kulipa.