Safari ya Kutazama Miti na Mahali pa Kale Katika Bonde la Ufa

Katika nchi za kaskazini, hasa katika majimbo ya Marekani yaliyo upande wa kaskazini-mashariki, watu wana desturi moja ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Ufikapo mwezi wa Oktoba hupanda motakaa zao pamoja na watoto na wazee, wakasafiri siku mbili tatu, wala hawaendi kuuza wala kununua, bali kutazama majani ya miti yakigeuka rangi kabla hayajaanguka. Sababu yake ni hii: siku za huko hupungua urefu na baridi huingia, basi mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani iusaidiayo kupata chakula kwa nuru ya jua. Kijani kikiisha, manjano iliyokuwa imejificha huonekana, na miti mingine hufanya wekundu mpya.

Sisi wa Bonde la Ufa tunakaa karibu na mstari wa Ikweta, nao hukata barabara ya Baringo pale Mogotio, kaskazini ya Nakuru. Mchana wetu na usiku wetu karibu ni sawasawa mwaka mzima. Kwa hiyo miti yetu haifuati baridi, hufuata mvua na kiangazi. Hata hivyo Oktoba yetu nayo ina jambo lake, kwani ndiyo majira ambayo mijakaranda huchanua. Mwaka jana nilikwenda kuitazama pamoja na baba yangu, na niliyojifunza njiani ndiyo nataka kuwaeleza wasomaji.

Baba ni mkulima wa Molo. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya utingo katika lori la viazi. Lori liliondoka Molo jioni, likapita Elburgon, Njoro, Nakuru, Gilgil, Naivasha na Mai Mahiu, likafika soko la Nairobi kabla ya mapambazuko. Wakati wa kurudi Baba alilala juu ya magunia matupu. Kwa muda wa miaka kumi na saba aliipita barabara ile mara nyingi zisizohesabika, wala hakupata kuiona mchana akiwa macho.

Sasa ana ugonjwa wa macho. Daktari alitueleza kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na kwamba dawa ya matone huzuia tu ugonjwa usiende mbio. Yaliyo mbele yake Baba huyaona vizuri, lakini ya kando hayaoni, mfano wa mtu achunguliaye kwa tundu la bomba. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, ile barabara niliyoipita nikilala, nataka kuiona ningali naona." Basi nikaazima motakaa ya rafiki yangu, na Jumamosi moja, saa moja asubuhi, tukaondoka Molo.

Hatujafika Elburgon nikatambua kosa langu. Nilikuwa nikiendesha na kumwambia, "Baba, tazama kule!" Naye kabla hajageuza kichwa, kitu kile kimekwisha kupita. Tukapatana kwamba kila jambo linalostahili kutazamwa, nitasimamisha motakaa, nitashuka, nami nitamwelekeza uso. Kwa hiyo safari ambayo lori liliimaliza usiku mmoja ilituchukua siku mbili.

Mahali pa kwanza pa kusimama palikuwa Njoro, kwenye jumba la mawe la Lord Egerton. Mzungu huyu, Maurice Egerton, alianza kulijenga mwaka 1938, Vita Kuu ya Pili ikaikatiza kazi, likamalizika mwaka 1954. Lina vyumba 52, naye mwenyewe alikufa mwaka 1958, asiache mke wala mtoto. Watu husimulia kwamba alimjengea mwanamke aliyemkataa. Lakini kitu alichoacha chenye faida zaidi si jumba hilo, ni ardhi aliyoitoa mwaka 1939 kwa shule ya kilimo, ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Egerton. Baba aliyatazama madirisha yale kwa muda, akasema, "Vyumba 52, na mtu mmoja wa kulala." Tukaendelea.

Tulipoingia Nakuru ilikuwa karibu saa tano. Mji huu ulianza kwa reli iliyofika hapo mwaka 1900, na tarehe 1 Desemba 2021 ulipewa hadhi ya jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Nilimpeleka Baba mtaa wa Milimani. Hapo mijakaranda ilikuwa imechanua, maua ya rangi ya zambarau juu, na chini maua yaliyoanguka yameifunika barabara hata lami haionekani. Mti huu si wa kwetu, asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa na wageni kupamba miji. Hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi, kisha huchanua matawi yangali karibu matupu, ndiyo maana rangi yake hutokeza sana.

Baba akauliza, "Matunda yake yanaliwa?"

Nikamjibu kwamba hayaliwi.

"Basi aliyeupanda alitaka tuutazame tu," akasema. Akasimama chini ya mti kimya muda mrefu, mkulima huyu ambaye maisha yake yote hajapanda kitu kisichopikwa wala kuuzwa. Alipotoka, alikuwa na maua matatu kofiani, nami sikumwambia.

Kutoka mjini tulipanda Menengai, mlima wa moto wa zamani ambao kilele chake kiliporomoka kikaacha shimo lenye upana wa kilometa nyingi. Ukingo wake uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 Wamasai wa Ilpurko waliwashinda Ilaikipiak mahali hapo, na mashujaa wengi wakaanguka shimoni. Leo moshi uonekanao chini ni mvuke wa visima vilivyoanza kuchimbwa mwaka 2011 kwa ajili ya umeme. Upepo ulikuwa mkali, hatukukaa.

Alasiri tulikwenda Hyrax Hill, kilima cha pimbi, kilometa chache tu kutoka mjini kando ya barabara ya Nairobi. Nakiri kwa aibu kwamba nimekuwa karani Nakuru miaka tisa, na kilima hicho nilikuwa nakiona kila niendapo Nairobi, lakini sikupata kukikanyaga. Bibi Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi ya watu wa zama za mawe, na mashimo ya makao ya wafugaji waliokuja baadaye sana. Juu ya mwamba kuna vitundu vilivyochongwa kwa safu, navyo ni bao lile lile tunalocheza mpaka leo. Macho ya Baba yalishindwa kuviona kwa sababu ya mwangaza wa jua, akapiga magoti, akavipapasa kwa vidole kimoja kimoja akivihesabu. Kisha akaokota kokoto, akaanza kuzigawa. Nikalazimika kucheza naye, akanishinda.

Mwenye kutuongoza alitueleza jambo jingine: kwamba zamani sana, maelfu ya miaka kabla ya watu wale, ziwa la Nakuru lilikuwa kubwa hata likafika chini ya kilima hiki. Nisingelisadiki maneno hayo kama tusingelikwenda ziwani jioni ile.

Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu mwaka 2010 hivi. Maji yamemeza lango kuu la zamani la mbuga, yamefunika barabara, na baadhi ya watu waliokaa karibu wamepoteza nyumba na mashamba. Ndege heroe, wale wa rangi ya waridi waliolipatia ziwa sifa duniani, wengi wamehamia Bogoria na kwingineko, maana maji mengi yamepunguza magadi, na mimea midogo wanayoila hutaka maji ya magadi. Tena ule msitu wa migunga ya manjano uliokuwa ukingoni umesimama majini ukiwa umekufa, maelfu ya miti mikavu, haina jani hata moja. Kule kaskazini majani huanguka, na baada ya miezi michache hurudi.

"Hii itachipua lini?" Baba akaniuliza.

"Haitachipua, Baba. Mizizi imekosa hewa."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama mpaka jua likatua. Usiku ule tulilala nyumbani kwangu.

Jumapili asubuhi tulikwenda Kariandusi, karibu na Gilgil, juu ya ziwa Elementaita. Mwaka 1928 msafara wa Louis Leakey uligundua hapo shoka za mawe za watu walioishi zaidi ya miaka laki saba iliyopita. Nyingi zimeachwa pale pale zilipofukuliwa. Nyingine zimechongwa kwa jiwe jeusi lenye kung'aa mfano wa kioo, ambalo volkeno hulitapika. Mlinzi alimruhusu Baba kushika moja. Akaigeuza, akajaribu ukingo wake kwa kidole gumba kama ajaribuvyo panga sokoni, akasema, "Huyu aliijua kazi yake."

Naivasha tuliiona migunga ya manjano iliyo hai, shina lake kama lililopakwa unga. Wazungu wa kwanza waliuita mti wa homa, wakidhani ndio uletao malaria, kumbe kosa lilikuwa la mbu waliozaliana katika maji yale yale mti huo uyapendayo.

Mwisho tulipita Mai Mahiu, tukaanza kupanda ukuta wa Bonde. Kando ya barabara lipo kanisa dogo mno, lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitaliano waliokamatwa katika vita vya Ethiopia na Somalia, kisha wakaletwa kujenga barabara hiyo. Nikasimamisha motakaa, nikamwelekeza Baba. Alitazama, akashtuka.

"Mahali hapa napajua," akasema. "Lori lilipoelemewa na mzigo katika mlima huu, mimi ndiye niliyeruka chini na gogo kuzuia gurudumu. Nimesimama hapa usiku mwingi, mvua ikininyeshea. Nilidhani ni kibanda cha polisi."

Akaingia ndani, akakaa kwenye benchi. Akaniambia kwamba laiti angalijua, angaliomba kujikinga mvua humo. Watu walioijenga barabara kwa kulazimishwa walipata nafasi ya kujenga na kitu kizuri kando yake, naye aliyeitumia miaka kumi na saba hakukiona, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na lori halikumngojea mtu.

Tulipokuwa tukirudi giza lilitukuta Gilgil. Nikageuka kumwonyesha taa za mji, nikamwona amelala, kofia imemwangukia puani. Sikumwamsha.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaijua nchi yetu kama utingo alivyoijua barabara ile. Tunapita tukienda kazini, sokoni na mazishini. Mageni hutoka mbali kuja kuona yaliyo mlangoni petu, nasi tunawachukulia mizigo. Si lazima kuwa na fedha nyingi, hata Hyrax Hill waweza kufika kwa matatu kutoka Nakuru. Chagueni siku moja Oktoba ijayo, wachukueni wazee na watoto, na mfikapo mahali simameni kabisa. Ziwa linapanda, miti inakufa, na macho nayo hayangoji likizo ya karani.