Anza na macho

Kifaa cha kwanza nilichopewa hakikuwa bunduki. Kilikuwa miwani mikubwa ya kuziba macho, yenye ukanda wa mpira wa kufunga nyuma ya kichwa. Yaya aliigeuza chini ya taa ili nione herufi ndogo iliyochapwa kwenye kioo chake: B.

"Anza na macho," akasema. "Bunduki njo ya mwisho."

Yaya ni mtoto wa mjomba wangu, amenizidi miaka saba. Anaishi karibu na Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Mwaka jana nilipopata nafasi ya kusoma huko kwa miezi mitatu, nililala sebuleni kwake. Jumapili nyingine alikuwa akitoka alfajiri na mfuko mrefu mweusi, akirudi jioni na matope hadi magotini, uso umejaa furaha. Nilidhani anavua samaki. Siku alipofungua mfuko huo mbele yangu nikaona bunduki, nilitoka nje bila koti, na ilikuwa mwezi wa Novemba.

Sisi wawili ni watoto wa Bukavu. Mwezi wa sita 2004, wanajeshi walioasi wa Nkunda na Mutebutsi walipouteka mji, mimi nilikuwa na miaka minne, yeye kumi na mmoja, na tulilala chini ya kitanda kimoja. Sikumbuki mengi. Nakumbuka baridi ya sakafu, na kiganja chake juu ya mdomo wangu ili nisilie. Sasa mwenye kiganja kile alikuwa anafuta vumbi kwenye kitu chenye umbo la bunduki, kwa hiari yake, siku ya Bwana. Nilimkasirikia kwa wiki nzima. Halafu, kwa kuwa ni mkubwa wangu na nilikuwa nakula chakula chake, nilikubali kwenda naye mara moja nione.

Mchezo huo unaitwa easofti. Ulianzia Japani, nchi ambayo raia hupata bunduki ya kweli kwa shida sana, kisha ukasambaa Marekani na Ulaya. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ilitoa bunduki ya mchezo inayoendeshwa kwa betri, yenye sura ya FAMAS ya jeshi la Ufaransa, na hadi leo wachezaji wengi hutumia za umeme. Mota huzungusha gia, gia huvuta pistoni na springi, pistoni ikiachiwa husukuma hewa, na hewa hurusha kidonge cha plastiki cha milimita 6. Baruti hakuna. Rangi ya kumpaka aliyepigwa pia hakuna, na jambo hilo nitalirudia.

Usiku wa Jumamosi yaya alinipangia vifaa mezani, kwa utaratibu ambao hakutaka niuvuruge. Kwanza macho. Ile B ilikuwa na maana kwamba kioo kilipimwa kwa kupigwa na kigololi cha chuma cha milimita 6 kinachokwenda mita 120 kwa sekunde, kikastahimili. Miwani ya jua, hata ya bei kali, haikubaliki uwanjani. Pili meno: kinyago cha wavu kinachofunika pua hadi kidevu. Tatu miguu: viatu vya kupanda mlima vinavyoshika kifundo, maana katika msitu wenye mizizi wengi huumizwa na ardhi kuliko adui. Nne maji ya kunywa. Tano kitambaa chekundu, nitakachokieleza. Pesa zikiwa kidogo, alisema, zimalizie kwenye macho na miguu, bunduki utakodi.

Tulipofika kwenye nguo, tuligombana. Alikuwa ameniwekea suruali na koti la mabaka ya kijeshi. Nikamwambia sivai. Kwetu raia akikutwa na nguo ya jeshi hana la kujitetea, na mimi nilifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusoma. Hakubisha. Alikwenda kabatini akarudi na koti la kahawia la fundi, kuukuu, lenye doa la saruji. Kesho yake niligundua kwamba msitu wa Novemba huko ni wa kahawia mtupu, na wenzangu waliovaa mabaka ya kijani walionekana kutoka mbali kama sombe kwenye sahani ya bugali.

Bunduki ilikuja mwisho, kama alivyoahidi. Alinikataza bastola ya gesi, kwa sababu gesi hulegea kwenye baridi. Alinipa ile yake ya zamani, ya umeme, fupi, isiyonasa kwenye matawi. Magazini kubwa inayobeba vidonge 300 na zaidi aliirudisha mfukoni: ukikimbia nayo inalia kama maharage ndani ya kopo, na kila mtu anajua ulipo. Nikapewa tatu ndogo, za vidonge 120 hivi kila moja, zisizo na kelele. Vidonge vyenyewe vilikuwa vya gramu 0.25, kwa sababu vile vya gramu 0.20 hupeperushwa na upepo kirahisi.

Ndipo nilipokimbilia mahali ninapokimbilia kila nikishindwa: kwenye maneno. Nilikuwa nimeanza kuandika orodha ya vifaa kwa Kiswahili katika daftari langu, nikakwama kwenye jina la kifaa cha mwisho.

Wafaransa wameshaamua. Dukani, nilipotamka "arme", muuzaji alinisahihisha kwa upole: "réplique". Risasi nayo si "balle", ni "bille", yaani gololi ya watoto. Darasani tunaiita hiyo tasfida. Lakini nyuma ya tasfida hii kuna hesabu. Kidonge cha gramu 0.20 kikitoka kwa mita 100 kwa sekunde kina nguvu ya joule 1. Sheria ya Ufaransa huweka mpaka kwenye joule 2: ukiuvuka, kitu hicho ni silaha, uite jina lolote. Na kuanzia joule 0.08, tangu amri ya mwaka 1999, hauziwi mtoto asiyetimiza miaka 18.

Kwa Kiswahili nilianza na "bunduki". Kiarabu "bunduq" ni tunda dogo gumu la mviringo, kisha vidonge vya kurushwa, kisha chombo chenyewe cha kurusha. Kwa asili yake, basi, neno letu linakifaa kifaa cha yaya kuliko linavyoifaa Kalashnikov. "Risasi" ikakataa: asili yake ni madini mazito, na risasi ya plastiki ni kama chuma cha pamba. Nikaandika "kidonge". Lakini "bunduki" nayo sikuiweza. Asili ya neno haimsaidii mtu aliyelisikia mara ya kwanza akiwa chini ya kitanda.

Basi nikafanya kile ambacho Kiswahili chetu cha Kongo hufanya vizuri: nikaongeza ka-. Kabunduki. Kitu kidogo, cha mchezo, kisicho na neno. Nilifurahi kwa dakika tano hivi, mpaka nikakumbuka neno jingine lenye ka-. Wale watoto walioandamana na jeshi la AFDL mwaka 1996 na 1997, kutoka kwetu mashariki hadi Kinshasa, nchi nzima iliwaita kadogo. Kiambishi ni kilekile. Bunduki walizobeba hazikuwa na ka- yoyote. Udogo ulikuwa wa mwili wa mbebaji tu, na neno lilitusaidia kuwatazama bila kushtuka. Nilikifuta kile nilichoandika, nafasi ya jina ikabaki tupu.

Asubuhi tulikuwa watu kama thelathini. Kila kabunduki (nitalitumia, kwa kuwa sina jingine, ila msomaji amenielewa) ilipimwa kwa kifaa cha kusoma mwendo wa kidonge. Mmoja ilizidi kiwango cha uwanja, mwenyewe akairudisha garini bila maneno. Kisha tukaelezwa sheria. Ukipigwa, paza sauti, inua kitambaa chekundu, toka. Ukimwona mtu hana miwani, paza sauti, wote wasimame.

Nilipigwa dakika kumi baada ya kuanza. Kwenye bega, juu ya koti la fundi, maumivu kama ya kufinywa. Niligeuka. Hakuna aliyeniona. Koti halikuwa na alama yoyote, kwa sababu rangi hakuna. Kidonge kilikuwa kimeshapotea kwenye majani. Nikaelewa kwamba mchezo wote, miwani na betri na vipimo vyote vile, unategemea jambo moja ambalo haliuzwi dukani: aliyepigwa aseme. Asiposema, hakuna mchezo.

Wengine walikuwa wakipaza neno fupi la kigeni. Mimi lilinitoka la nyumbani, na halikuwa "nimekufa", neno walilotumia watoto wa mtaa wetu wakicheza vita. Nilisema, "Nimepigwa!" Sarufi yake ni nzuri kwa kazi hiyo: mtenda hatajwi, na hakuna haja ya kumjua. Lakini mtenda alijitaja mwenyewe. Kutoka nyuma ya miti, upande wa adui, sauti ya yaya ilijibu:

"Pole!"

Nilicheka hadi kioo cha miwani kikajaa ukungu.

Mchana miwani ya kijana mmoja ilikatika ukanda. Aliyekuwa karibu naye akapaza sauti, neno likapokewa kutoka mti hadi mti, na kwa muda wa pumzi mbili msitu wote ukanyamaza. Watu thelathini walisimama, midomo ya bunduki ikiangalia chini, wakamngojea mtu mmoja afunge ukanda wake. Nilimtafuta yaya kwa macho. Alikuwa amepiga goti, ameshusha kichwa, kama mtu aliye kanisani.

Njiani kurudi nilimwuliza hatimaye: ju ya nini unacheza hii?

Aliendesha kitambo. "Ile mwaka, kuko mutu mwenye alituuliza kama tunataka?" Kisha akasema, "Uliona vile walisimama? Mutu moja anasema simameni, bote banasimama. Mi ninakuyaka juu ya ile."

Sikuwa na la kujibu, na bado sina. Sidhani ningecheza tena, wala sidhani kwamba anakosea. Nilichojifunza ni kwamba niliharakisha kuhukumu mfuko kabla ya kuuliza vilivyomo vimepangwa kwa utaratibu gani, na nani alifundishwa utaratibu huo wapi.

Siku ya kuondoka alitaka kunipa ile kabunduki fupi iwe zawadi. Nilikataa, na alijua sababu. Hakuna askari wa mpakani atakayesubiri nimfafanulie tofauti ya "arme" na "réplique". Nilichukua miwani tu.

Leo iko nyumbani Bukavu, imetundikwa msumarini jikoni. Mama huivaa akipasua kuni na akikatakata vitunguu. Aliniuliza herufi ya kwenye kioo ni ya nini. Nikamwambia yaya anamsalimu, na kwamba kule anapocheza wanaanza na macho.

"Njo vizuri," akasema, akashika shoka.

Katika daftari langu nafasi ile bado ni tupu. Mwenye neno aniletee.