Kabla ya Kununua Miche, Mjue Anayekuuzia

Katika daftari la kumbukumbu za vikao vya kamati ya msikiti wetu, ukurasa wa Februari 2021, upo mstari mmoja ambao kila ninapoufikia huona haya. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Unasema kuwa kikao kimeazimia kununua miche ya shamba la wakfu, na kwamba Katibu aende kwenye kitalu akaione kabla ya kulipa. Katibu ni mimi. Sikwenda.

Shamba lenyewe lina ekari tatu, nje kidogo ya mji wa Tanga. Bibi mmoja wa mtaani kwetu alilitoa wakfu baada ya kufiwa na mumewe, kwa sharti moja tu: mazao yake yasaidie posho ya walimu wa madrasa. Wasomaji wetu wanakijua kisa cha Sayyidna Umar (RA) alipopata ardhi Khaybar akamwendea Mtume (SAW) kutaka ushauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na kuyatoa matunda yake sadaka, ardhi yenyewe isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Huo ndio msingi wa wakfu. Kwa hiyo shilingi inayoingia katika shamba la namna hiyo si ya kamati wala ya imamu. Ni amana ya aliyetoa, na ya watoto watakaosomeshwa kwayo.

Tulikubaliana kupanda maembe aina ya Apple, kwa nafasi ya mita 10 kwa 10, yaani miche 120. Masika yalikuwa yanakaribia na mimi nilikuwa na shughuli nyingi. Nikaliona tangazo kwenye simu: picha za miche mibichi iliyopangwa safu kwa safu, maembe mekundu yanayong'aa, na bei ya shilingi 6,000 kwa mche mmoja. Kitalu kilikuwa mkoa wa mbali. Nikazungumza na muuzaji mara mbili. Alikuwa na maneno ya upole na kila sentensi akiitia "Inshaallah". Mke wangu alinisikia nikizungumza, akaniambia, "Mimi hata kanga ya kwenye simu huomba nionyeshwe pindo kwanza. Wewe unanunua miti ya watu bila kuiona?" Nikamjibu kwamba bwana yule anaonekana mwenye dini. Nikatuma shilingi 810,000, nauli ya mzigo ikiwemo.

Miche ilikuja kwa basi. Kila mmoja ulikuwa umefungwa kipande cha nailoni shinani, nami nikakichukulia kipande kile kuwa ushahidi kwamba mche umebebeshwa. Tuliipanda siku ya Jumapili, siku chache kabla ya Ramadhani. Wazee walichimba, vijana walibeba samadi, na watoto wa madrasa wakapewa kila mmoja mche wa kuumwagilia. Bibi aliyetoa shamba alitandikiwa mkeka kivulini, akatutazama mpaka adhuhuri. Alipoondoka aliniambia, "Mwanangu, namuomba Mola anibakize nionje moja tu."

Miaka miwili ikapita. Miche 17 ilikufa, jambo la kawaida katika shamba lisilo na kisima. Iliyobaki 103 ilirefuka vizuri, nasi tukafurahi. Ndipo mwaka 2023 bwana shamba wa kata alipopita kutusalimia. Alizunguka miti kumi hivi, akiinama na kupapasa mashina, kisha akaniuliza nilinunua wapi. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akaniita nitazame.

Alinifundisha kwa dakika chache jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokoa. Mche uliobebeshwa ni miti miwili iliyounganishwa: shina la chini lililoota kutokana na kokwa, na kikonyo cha juu kilichokatwa kutoka kwenye mti mama unaojulikana kwa matunda yake. Pale vilipoungana hubaki kovu, kwa kawaida shubiri moja au zaidi kutoka ardhini, na mara nyingi gome la juu na la chini hutofautiana rangi na ukali. Kovu hilo haliondoki hata mti ukikua. Kokwa ya embe nyingi za biashara, kama Tommy Atkins na Alphonso, haitoi mti unaofanana na mama yake, ndiyo maana watu hubebesha. Tena mti uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ilhali wa kokwa huweza kukuchukua miaka sita, saba au zaidi, na ukizaa hujui utakupa nini.

Tulikagua mti mmoja mmoja hadi jua likazama. Miti 34 ilikuwa na kovu la kweli. Miti 69 haikuwa nalo. Mtu alikuwa ameota kokwa za kuokota, akazifunga nailoni, akaziuzia msikiti. Hata ile 34 ilipokuja kuzaa, baadhi yake ilitoa embe lenye nyuzi ambalo hakuna mtaani anayelijua jina.

Nilipiga simu ya muuzaji. Namba haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo.

Kamati ilinihurumia. Wengi walisema, tapeli ni tapeli, Katibu naye kadanganywa. Lakini moyo haukutulia, nikaenda kwa sheikh aliyenisomesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Ustadh, ulikwenda ukaiona?"

"Sikwenda, Sheikh."

"Na kikao kiliazimia nini?"

Nikamsomea ule mstari. Akasema kwa upole, "Amini hadaiwi kilichoharibika mikononi mwake, ila akizembea au akivuka alichoruhusiwa. Wewe umejihukumu kwa mwandiko wako."

Miche 69 kwa shilingi 6,000 ni shilingi 414,000. Nililipa kwa awamu tisa za shilingi 46,000, nikikatiwa risiti na mweka hazina kama mtu mwingine yeyote. Nyumbani tuliupunguza mwezi. Mke wangu hakunikumbusha habari ya pindo la kanga hata siku moja, na hilo lilinifundisha zaidi kuliko angenikumbusha. Baada ya swala ya Ijumaa nikasimama mbele ya jamaa nikawaeleza yote, kwa sababu watoto wao ndio walioimwagilia miti ile.

Naandika haya kwa kuwa naziona familia nyingi za Kiislamu sasa zikipanda miti ya matunda, majumbani na katika mashamba ya misikiti, na nyingi zinanunua kwa simu. Kupanda ni ibada. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, anachokula humo ndege, mtu au mnyama ni sadaka kwake. Lakini mche una hatari ambayo bidhaa nyingine hazina. Mchele mbovu utaujua siku hiyo hiyo jikoni. Aibu ya mche hufichika miaka mitatu, minne, na ikidhihiri umekwisha kupoteza samadi, maji, jasho na umri. Mtume (SAW) alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu chini yake, alimkemea mwenye mali kwa kuuficha, akamtaka auweke juu watu wauone. Lundo unaweza kulitia mkono. Katika mche, usipojua pa kupapasa, kinachobaki ni uaminifu wa muuzaji. Huo ndio unaoununua kwanza.

Vipi utaujua? Bwana shamba alinipeleka mwenyewe Muheza, wilaya inayosifika kwa machungwa, kwenye kitalu cha mzee mmoja anayemfahamu. Sijaona tangazo lake popote. Nilimwomba anionyeshe mti mama anapokata vikonyo, akatuongoza nyuma ya nyumba yake, akatuchumia matunda tukala. Nikamwomba anipe wateja waliopanda miche yake zaidi ya miaka minne iliyopita, akanitajia wawili walio karibu, tukaenda kuiona miti yao. Nikamwomba tupasue kiriba kimoja nitazame mizizi, nikakilipia. Mzizi mkuu ulikuwa umenyooka, haukujiviringa chini ya kiriba. Mche ambao mizizi yake imekwisha kujisokota, au imetoboa kiriba na kushika ardhi ya kitaluni, huteseka ukihamishwa. Tena aliniambia bila kuulizwa kuwa safu moja aliibebesha wiki tatu tu zilizopita, nisiichukue, ningoje mpaka majani mapya yakomae. Muuzaji anayekukataza kununua, mshike.

Asiye na mtu wa kumwelekeza aanze kwa afisa ugani wa kata yake. Kazi yake ni hiyo, na anavijua vitalu vya eneo lake, vizuri na vibovu. Vipo pia vyuo na vituo vya umma vinavyoshughulika na miti ya matunda, kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, na kituo cha TARI Tengeru, Arusha, ambacho kazi yake ni utafiti wa mboga, matunda na maua. Na anayejitangaza kuwa mzalishaji mkubwa aulizwe kama anatambuliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Aliye na karatasi huitoa, na asiye nayo utamsikia akibadilisha mazungumzo.

Sisemi kwamba kununua kwa mtandao ni vibaya. Wapo waaminifu huko, na kuna aina za miti ambazo hazipatikani jirani. Ninachosema ni kwamba sheria yetu ilikwisha kuiwekea njia biashara ya kitu kisichokuwepo mbele ya macho. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla hazijavunwa, kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Hakuwakataza, bali aliwawekea masharti kuwa kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Hii ndiyo salam. Kwa miche, maana yake ni kuandikiana: aina gani, imebebeshwa au ya kokwa, urefu gani, mingapi, itafika lini na wapi. "Miche mizuri ya kisasa" si sifa, ni maneno ya tangazo.

Yapo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza, katika salam bei hulipwa yote pale pale, kwa hiyo usiingie kwa mtu usiyeweza kumpata kesho. La pili, kama moyo hautulii, mazungumzo ya simu yabaki kuwa ahadi tu, na biashara ifungwe miche ikiwa mbele yako umeikagua. Muuzaji mwaminifu mwenye wakala au ndugu katika mji wako atakubali. Mwanzoni agiza miche mitano, si 120. Omba akuonyeshe kwa video, akiwa kitaluni saa hiyo hiyo, mahali pa kovu katika mche utakaouchagua wewe. Ni kweli kuwa mnunuzi ana haki ya kurudisha kitu kwa kasoro iliyofichwa. Mimi nilikuwa nayo haki hiyo, nikakosa wa kumdai.

Baada ya kukiri msikitini, nilimwendea Bibi nyumbani kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Aliyekudanganya anaye wa kumuuliza. Ile miti umeing'oa?"

"Bado, Bibi."

"Usiing'oe. Mti hauna kosa."

Bwana shamba naye alisema hivyo hivyo kwa lugha ya kazi yake: mti wa kokwa wenye mizizi imara hubebesheka hata ukiwa umesimama shambani. Ila tulihitaji vikonyo vya mti unaojulikana. Bibi akaelekeza kidole uani kwake. Pale pana mwembe dodo ambao hakuna mtoto wa mtaa ule, nikiwemo mimi, ambaye hakuwahi kuurushia jiwe.

Tuliikata miti 69, tukaacha ichipue, kisha mafundi wawili kutoka Muheza wakaja kuibebesha. Vikonyo, vyenye unene wa penseli, vilitoka uani kwa Bibi vimeviringwa kitambaa chenye maji. Miti 51 ilishika mara ya kwanza, 18 ikarudiwa. Mapengo ya miti iliyokufa tuliyaziba kwa miche ya yule mzee wa Muheza.

Msimu uliopita dodo zile zilianza kuzaa, chache chache. Ya kwanza tulimpelekea Bibi. Aliimenya mwenyewe, akawagawia wajukuu, akabakiza kipande kimoja akala, akasema ni yake hasa, hajakosea ladha. Fedha tuliyouza mwaka huo ilikuwa ndogo, haikutosha hata posho ya mwalimu mmoja kwa mwezi. Tulimpa hivyo hivyo, kwa sababu ndilo sharti.

Wiki iliyopita msikiti wa jirani walikuja kuniuliza wapi watapata miche. Sikuwapa namba ya simu. Tumepanga siku, tutakwenda pamoja kitaluni, na katibu wao atakuwemo.

Wabillahi tawfiq.